Mtalii, Abiria au Mwanaanga? Neno "Utalii wa Anga" Likitazamwa kutoka Kasenyi

Katika makala haya ninahakiki neno moja tu, utalii wa anga, pamoja na jinsi linavyotumiwa katika taarifa za habari za Kiswahili, katika mijadala yetu ya darasani na katika insha za wanafunzi wenzangu. Sihakiki roketi, fizikia ya roketi ina wenyewe. Ninachohoji ni kwa nini shughuli inayofanywa na watu wachache sana duniani imepewa jina la shughuli ambayo sisi wa wilaya ya Kasese tunaijua mpaka harufu yake, na kwa nini jina hilo limekubalika bila mtu kuuliza.

Shughuli yenyewe haina umri mkubwa. Tarehe 28 Aprili 2001, Mmarekani Dennis Tito alipanda chombo cha Soyuz cha Urusi akaenda kukaa karibu wiki moja katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa nauli iliyotajwa kuwa dola milioni 20 hivi. Shirika la NASA halikupendezwa, lakini Warusi walihitaji fedha. Mwaka uliofuata akaenda Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kijana aliyetajirika kwa biashara ya kompyuta. Mpaka mwaka 2009 walikuwa wamefika saba tu kwa njia hiyo ya kulipa, mmoja wao mara mbili. Kisha kimya cha zaidi ya miaka kumi. Kilichorudisha jambo hili masikioni mwetu ni Julai 2021: tarehe 11 Richard Branson alipanda chombo cha kampuni yake hadi kilomita 86 hivi, na tarehe 20 Jeff Bezos akapanda cha kwake hadi kilomita 107 hivi, akiwa na kijana wa Kidachi wa miaka 18, Oliver Daemen, aliyekuwa abiria wa kwanza wa kampuni hiyo kulipiwa kiti. Septemba mwaka huohuo watu wanne, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanaanga wa serikali, walizunguka dunia kwa siku tatu. Branson alikuwa akiuza tiketi kwa dola 450,000. Kiti cha kwenda kwenye kituo kile cha kimataifa kupitia kampuni ya Axiom, mwaka 2022, kilisemekana kufika dola milioni 55.

Sasa linganisha na kukubalika kwake. Taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani mwaka 2018 kama wangependa kuizunguka dunia kwa chombo cha anga. Asilimia 42 walisema ndiyo. Ilipouliza tena mwaka 2023, baada ya safari zote hizo nilizozitaja, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 35. Yaani kadiri safari zilivyoongezeka ndivyo hamu ilivyopungua. Na Aprili 2025, wanawake sita akiwemo mwimbaji Katy Perry waliporuka kwa dakika kumi na moja hivi, kejeli zilizofuata zilidumu kuliko safari yenyewe. Nataja takwimu za Wamarekani kwa sababu ndizo ninazozijua. Huku Katwe na Hamukungu sijasikia mtu aliyekuja na fomu kuuliza.

Turudi kwenye neno. Lina viungo viwili, na vyote viwili vina matatizo.

Anga katika Kiswahili ni pana mno. Tanzania ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kazi yake ni ndege za Dar es Salaam kwenda Mwanza, si vyombo vya kuzunguka dunia. Mtalii anayepanda puto alfajiri juu ya Serengeti naye yuko angani. Kwa sarufi ya kawaida, yeye ndiye mtalii wa anga hasa: yuko anga ya chini, anatazama nyumbu, baadaye anashuka kunywa chai. Ndiyo maana waandishi makini huongeza "za juu" au "za mbali". Hata hivyo mpaka wenyewe una ubishi: Wamarekani wengi huhesabu anga za juu kuanzia kilomita 80, wengine wengi duniani huanza 100. Kwa kipimo cha kwanza Branson alifika. Kwa cha pili hakufika. Mwandishi wa Kiswahili anayesema "amekwenda anga za juu" ameshachagua upande, na mara nyingi hajui kwamba amechagua.

Lakini tatizo kubwa liko kwenye utalii. Kutalii ni kutembelea mahali ili kujionea. Mahali, si umbali. Na mahali pana watu.

Hapa lazima nieleze Kasenyi kwa msomaji asiyeijua. Kasenyi ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Jirani yake kuna ziwa dogo la chumvi, na uwanda wenye jina hilohilo ambako simba huwawinda swala wa Uganda, wale walio kwenye nembo ya taifa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954 ikabadilishwa jina kwa heshima ya malkia wa Uingereza aliyeitembelea. Vijiji vya wavuvi vikabaki ndani yake kama visiwa. Ndani ya hifadhi hulimi upendavyo, hufugi upendavyo, na usiku kiboko ana haki ya njia kuliko wewe. Asubuhi magari ya watalii yanapita na paa limefunguliwa. Mlimaji wa pamba au mahindi aliye mpakani mwa hifadhi humjua tembo kwa hasara kabla ya kumjua kwa picha. Upande wa pili, sheria inataka asilimia 20 ya kiingilio cha langoni irudishwe kwa jamii zinazoizunguka hifadhi. Watu hugombana kuhusu fedha hizo: zimechelewa, hazitoshi, zimejenga darasa kijiji kile na si hiki. Ugomvi huo ni mzuri, kwa maoni yangu, kwa sababu unaonyesha kwamba kila mtu anajua kuna deni.

Hii ndiyo maana ya utalii kwetu: ni uhusiano kati ya mgeni na mwenyeji, wenye malipo, kero, madai na wakati mwingine urafiki. Methali inasema mgeni njoo mwenyeji apone. Tunaweza kubishana kama mwenyeji wa Kasenyi amepona, lakini hakuna anayekana kwamba yupo.

Katika safari ya Bezos mwenyeji ni nani? Nilimsomea mzee mmoja mvuvi habari ya safari ile ya dakika kumi na moja, tukiwa tumekaa karibu na mitumbwi. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kurekebisha wavu.

"Mwanangu," akauliza, "wakifika huko wanalala kwa nani?"

"Hawalali, mzee. Wanarudi kabla chai haijapoa."

"Basi hao si wageni. Mgeni ana mwenyeji wake. Hao wamepanda tu."

Mzee huyo hajasoma isimu, lakini ametenganisha dhana mbili ambazo vyombo vyetu vya habari vimezichanganya. Kupanda si kutalii. Anayepanda basi la usiku kutoka Kasese kwenda Kampala hatalii Mubende kwa kuwa tu amepita hapo.

Mwenzangu mmoja darasani alipinga. Alisema wenyeji wapo: ni wale wanaoishi karibu na viwanja vya kurushia. Hoja yake ina uzito, na ilinipeleka kwenye mfano ambao wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kuujua kuliko tunavyoujua. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitaliano walijenga majukwaa juu ya bahari, na kati ya 1967 na 1988 wakarusha satelaiti kutoka hapo. Walichagua mahali hapo kwa sababu ya ikweta. Dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. (Ikweta hiyohiyo inakatiza wilaya yetu, karibu na Kikorongo watalii hupiga picha wakiwa na mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Sisi lakini mashariki yetu ni makazi ya watu, wao mashariki yao ni bahari.) Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya na kumbukumbu ya uhuru wake, Wamarekani walirusha kutoka Malindi satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, wakaipa jina Uhuru. Neno la Kiswahili lilifika anga za juu zaidi ya miaka thelathini kabla ya Tito na Shuttleworth kununua viti vyao, na halikulipa nauli.

Je, wavuvi wa Malindi walikuwa wenyeji wa Uhuru? Kwa kiasi fulani ndiyo, na Kenya imekuwa ikijadiliana na Italia kuhusu faida ya kituo kile kwa miaka mingi. Lakini hapo ndipo hoja ya mwenzangu inapoanguka. Jirani wa uwanja wa kurushia ni mwenyeji wa roketi, si mwenyeji wa mtazamaji. Anayeruka kutoka Texas haendi kuiona Texas. Anaitazama dunia kutoka juu, na anayeizunguka huweza kuiona hata Kasenyi, Ziwa George likiwa kama tone. Ikiwa kuna mwenyeji anayetazamwa basi ni sisi sote, na hakuna lango ambalo asilimia 20 itakatwa. Tumegeuzwa kuwa mandhari. Bezos aliposhuka aliwashukuru wafanyakazi na wateja wa kampuni yake ya Amazon kwa kuwa ndio waliolipia safari. Watu walikasirika. Mimi naona alikuwa amesema ukweli kuliko vyombo vya habari vilivyoandika kwamba "amejilipia".

Nikawa nimejiuliza: Wamarekani wenyewe, wenye shughuli hii, wanamwitaje mtu huyu? Jibu lilinishangaza. Sheria yao ya mwaka 2004 kuhusu safari za kibiashara haimwiti mtalii, wala abiria, wala mwanaanga. Inamwita kwa maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa "mshiriki wa safari ya anga". Uteuzi huo wa neno ulikuwa na kazi. Abiria ana haki ya kulindwa na sheria za usalama kama zile za ndege. Mshiriki anatia sahihi kwamba ameelezwa hatari na amezikubali. Serikali ikajizuia kuweka kanuni za kumlinda anayesafiri ili biashara changa ipate nafasi ya kujifunza, na kizuizi hicho kimekuwa kikiongezwa muda tangu hapo. Tusidhani hatari hiyo ni ya kwenye karatasi. Tarehe 31 Oktoba 2014 chombo cha Virgin Galactic kilivunjika angani kikiwa kwenye majaribio, na rubani msaidizi Michael Alsbury akafa.

Mwaka 2021, siku ileile ya safari ya Bezos, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa masharti mapya: ili mtu apewe beji ya mwanaanga wa kibiashara, haitoshi kwamba amefika juu, lazima awe mmoja wa wahudumu wa chombo na awe amefanya jambo la manufaa kwa usalama wa umma au wa safari zenyewe. Mwaka ulipokwisha beji zenyewe zikaachwa kabisa. Kwa hiyo huko kwenye asili ya shughuli wanajua kwamba neno ni mali, na wanaligawa kwa hesabu. Sisi tunaligawa bure. Nimesoma insha ya mwanafunzi mwenzangu iliyowaita wote, kuanzia Yuri Gagarin mpaka Katy Perry, wanaanga. Alipata alama nzuri.

Nani anapewa jina na nani hapewi ni suala la zamani katika wilaya hii. Juni 1906 mtawala mdogo wa Kiitaliano, Luigi wa Abruzzi, alipanda Rwenzori mpaka kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakiita Margherita kwa jina la malkia wa kwao. Mizigo ya msafara ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, wakiwemo Wakonzo, ambao mlima ule ni nyumbani kwa Kitasamba na wana majina yao wenyewe kwa theluji na mabonde. Vitabu vikamwita yeye mpandaji na mgunduzi. Wao wakaitwa wapagazi, na wengi hawakuitwa kwa majina kabisa. Leo waongozaji na wabebaji wa Rwenzori wanalipwa, wana vyama vyao, wanajua bei ya siku moja ya mzigo. Ilichukua muda mrefu. Safari ya anga haihitaji hata mpagazi wa kumsahau.

Upande mwingine wa kukubalika ni kicheko, na hapa sitanyamaza. Mwaka 1964, Zambia ikijiandaa kwa uhuru, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba atapeleka vijana wake mwezini. Aliwafanyia mazoezi kwa kuwabiringisha mteremkoni ndani ya pipa la mafuta. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalicheka, na mpaka leo habari yake husimuliwa kama kichekesho. Mwaka 2011 Chris Nsamba wa hapa Uganda alipata umaarufu kwa kujenga ndege katika uwanja wa nyumba ya mama yake, Ntinda, Kampala, akisaidiwa na vijana wa kujitolea na akisema lengo lake la mbele ni anga za juu. Alichekwa pia, na waliomcheka zaidi ni sisi. Mwaka 2009 tajiri wa sarakasi, Guy Laliberté wa Kanada, alikwenda katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa nauli iliyoripotiwa kuwa dola milioni 35, akavaa pua nyekundu ya mchekeshaji. Yeye aliyevaa pua ya mchekeshaji hakuchekwa. Habari zilimwita mtalii wa anga. Nkoloso hakumwomba mtu yeyote amtazame akiburudika. Alitaka watu wake wafike. Nikiambiwa umma umekubali safari za kibiashara za anga, nauliza kwanza umma huo ulimkataa nani.

Wapo watakaosema ninachukia maendeleo. Sivyo. Satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi wetu watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, ilipakiwa kwenye chombo cha mizigo cha kampuni binafsi tarehe 7 Novemba 2022 na kuachiwa angani kutoka kwenye kituo kile tarehe 2 Desemba. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa na roketi ya SpaceX tarehe 15 Aprili 2023. Kampuni hizo ni za kibiashara, na bila wao tungesubiri zaidi. Hoja kwamba fedha za matajiri wa leo zitashusha bei ya kesho si ya kutupwa. Ila tuipime sawasawa: roketi zinazotumika tena na tena, ambazo ndizo zilizoshusha bei, zililipiwa zaidi na mikataba ya serikali na wateja wa satelaiti. Watazamaji wa dakika kumi na moja mchango wao katika hilo ni mdogo. Kuwasifu kwa kazi ya wengine ndilo kosa lilelile la mwaka 1906.

Kwa nini basi nahangaika na neno? Kwa sababu Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa katiba tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Mtoto wa Kasenyi au Bwera atakutana na maneno haya kitabuni. Neno mtalii analijua tayari: ni yule wa kwenye gari, anayepunga mkono, ambaye kupita kwake kuna uhusiano na darasa jipya au na shamba lililokanyagwa. Tukimwambia kwamba aliyerushwa kilomita 107 na kurudi ni mtalii pia, tumemfundisha kwamba utalii unaweza kuwepo bila mwenyeji na bila deni. Kesho mwenye hoteli atamwambia hivyohivyo.

Pendekezo langu ni abiria wa anga za juu. Mhadhiri wetu mmoja amenipinga kwa hoja nzito: kumwita abiria ni kumpa haki ambazo sheria ya Marekani imemnyima kwa makusudi, hivyo neno litadanganya. Nimeitafakari hoja hiyo na sijaikubali. Bodaboda wa Bwera hubeba watatu bila kofia ngumu hadi mpakani Mpondwe, hakuna bima wala mkataba, na bado hakuna Mkonzo wala Mkongomani anayeacha kuwaita abiria. Kiswahili humwita abiria yeyote aliyelipa au kulipiwa akabebwa na chombo kinachoendeshwa na mwingine. Kama sheria ya nchi fulani haimlindi, hilo ni tatizo la sheria hiyo. Mwanaanga libaki kwa mwenye kazi huko juu, awe ameajiriwa na serikali au na kampuni. Kwa kipimo hicho Shuttleworth, aliyejifunza kwa miezi mingi Urusi na kufanya majaribio ya kisayansi kule juu, ananisumbua. Yuko katikati, na sioni haya kumwacha katikati.

Kuna swali la Branson pia, yule wa kilomita 86. Wenzangu wa kundi la istilahi wanataka tuchague kati ya 80 na 100 kabla muhula haujaisha. Mimi nimepiga kura ya 100.